Homa ya mafua hosteli: laleni mzungu wa nne

Hosteli nyingi hapa Nyegezi, Mwanza, vitanda vimebanana. Mmoja akianza homa ya mafua, laleni mzungu wa nne usiku huohuo, kichwa chake huku, chako kule, hadi wiki iishe. Matone mengi ya kikohozi huanguka ndani ya mita 1 hadi 2, kwa hiyo kila hatua kati ya pua na pua inasaidia. Acheni na madirisha wazi, upepo wa ziwa upite; mbu waachieni chandarua. Wanaobebana, yaani wanaolala wawili kitanda kimoja, tafadhali, mgonjwa apewe kitanda chake. Mbinu hii haifui dafu mkichangia kikombe au mkijifungia ndani, maana chembe ndogo huelea hewani. Tena mtu huanza kuambukiza siku 1 kabla ya dalili.