Jinsi ya Kuthibitisha Toleo Ambamo Shujaa wa Komiki Alijitokeza kwa Mara ya Kwanza

Kabla ya kupekua toleo lolote, amua kwanza ni kitu gani utakachokihesabu. Mimi huhesabu hadithi iliyochapishwa, ambamo mhusika mwenyewe anatenda, katika nakala zilizouzwa kwa umma. Kwa kipimo hicho Superman ni wa toleo la 1 la Action Comics la Juni 1938, ijapokuwa waliomuumba, Jerry Siegel na Joe Shuster, walikwisha kutumia jina kama hilo mwaka 1933, katika kijarida chao wenyewe, kwa mhusika mwingine kabisa: mtu mwovu mwenye kipara. Jina peke yake halitoshi.

Kisha chunguza tarehe. Mwezi uliochapwa jaladani si mwezi wa kuuzwa, kwa sababu wachapishaji wa Marekani waliisogeza tarehe mbele ili muuza magazeti asiliondoe toleo mapema kibandani. Action Comics ya Juni iliuzwa Aprili. Toleo la 1 la Captain America Comics, lenye tarehe ya Machi 1941, lilikuwa mitaani Desemba 1940. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa, kwani jalada lake linamwonyesha shujaa akimpiga Hitler ngumi ya uso, karibu mwaka mzima kabla ya Marekani kuingia vitani. Unapopanga matoleo kwa mfuatano, tafuta tarehe ya kuchapishwa iliyosajiliwa katika Catalog of Copyright Entries, orodha ya hakimiliki ya serikali ya Marekani, halafu ilinganishe na kumbukumbu za Grand Comics Database, hifadhidata ya komiki iliyo mtandaoni.

Usilitegemee jalada, na fungua kurasa zote hadi ya mwisho. Wengi humtaja Wonder Woman katika toleo la 1 la Sensation Comics la Januari 1942 kwa kuwa ndiye aliyepamba jalada lake, ilhali hadithi yake ya kwanza, iliyoandikwa na William Moulton Marston na kuchorwa na H. G. Peter, ilikuwa imekwisha kutokea kama nyongeza nyuma ya toleo la 8 la All Star Comics. Nambari nayo hupotosha: Captain Marvel alianza katika toleo la 2 la Whiz Comics la Februari 1940, na hakuna toleo la 1 lenye jina hilo lililowahi kuuzwa.

Kesi inayostahili subira zaidi ni ya Namor, shujaa wa chini ya bahari. Bill Everett alimchorea hadithi ya kurasa 8 kwa ajili ya Motion Picture Funnies Weekly, jarida la mwaka 1939 lililokusudiwa kugawiwa bure katika majumba ya sinema, mpango ambao haukufanikiwa. Hadithi hiyo ikarefushwa hadi kurasa 12 katika toleo la 1 la Marvel Comics la Oktoba mwaka huohuo. Humo katika Marvel Comics, tazama kwa makini picha iliyofunga zile kurasa 8 za awali: kisanduku kilichomwambia msomaji kwamba hadithi itaendelea wiki ijayo bado kipo, ila maneno yamefutwa. Alama ndogo kama hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba kurasa zilichorwa kwa ajili ya jarida jingine. Kwa kipimo changu cha kuuzwa, Namor ni wa Marvel Comics. Lakini katika maelezo yako litaje pia lile jarida la kwanza, kwa kuwa kulinyamazia ni kumnyima msomaji nusu ya ukweli.

Ukiwa na nakala mkononi, ipime. Mwaka 1974 kampuni ya DC ilichapa upya toleo la 1 la Action Comics kwa umbo kubwa, lenye urefu wa takribani sentimita 34, wakati nakala halisi ina takribani 26. Toleo hilo lilikuwa na jalada la nje linaloeleza kwamba ni chapa mpya, nalo likibanduliwa, jalada la ndani hufanana mno na lile la 1938; rula ndiyo itakayokupa jibu la haraka kuliko macho.