Michoro ya Mtoto Nyumbani Bagamoyo: Kuitunza, Kuitundika na Kuionyesha kwa Watu

Adui wa kwanza wa mchoro wa mtoto hapa mwambao ni unyevu. Karatasi hunywa maji yaliyomo hewani, ikajikunja pembe, kisha ukungu ukaota vidoa vya kahawia. Rundo la michoro lililowekwa juu ya kabati Januari, likifika Mei, masika yakiwa yamepiga, nusu yake haitazamiki.

Kwa hiyo punguza kwanza. Mara moja kwa mwezi tandaza michoro yote mkekani, mtoto achague mitano na wewe uongeze mmoja. Akiukataa ule ulioupenda wewe, mwachie. Yeye ndiye mwenye mkono. Iliyobaki ipige picha, kisha itoe: bibi atafurahi kupewa, na mingine inafaa kufungia zawadi. Usichane mchoro mbele ya aliyeuchora.

Ile sita iandike nyuma kwa penseli laini, 2B inatosha: jina, umri kwa miaka na miezi, tarehe, na maneno yake mwenyewe kuhusu alichochora. Akisema "hili jahazi limechoka", andika hivyohivyo, usimsahihishe. Kalamu ya wino haifai, kwani wino hupenya karatasi nyepesi na mkandamizo wake huonekana upande wa pili. Kama mchoro ni wa kalamu za nta, ulaze kifudifudi juu ya karatasi safi kabla ya kuandika, la sivyo rangi inahamia mezani.

Rangi ya maji iliyopakwa nene hudanganya: juu imekauka, ndani bado. Ijaribu kwa mgongo wa mkono. Ukihisi ubaridi, maji yamo. Iache ilale bapa siku nyingine. Michoro ikipangwa juu kwa juu kabla ya hapo, hugandana, na kuibandua ni kuichana.

Kuhifadhi hakuhitaji gharama. Tafuta boksi bapa linaloingiza karatasi ya A3 (sentimita 29.7 kwa 42), tenganisha kila mchoro na mwenzake kwa karatasi nyeupe, tupia vile vipakiti vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya, na uliweke boksi juu ya rafu, mbali na ukuta wa nje. Sakafuni kuna mchwa na mende. Ondoa pini za stepla zote. Chumvi ya bahari huzitia kutu, nazo huacha alama. Na usikimbilie kulamineti, yaani kuufunga mchoro ndani ya plastiki kwa mashine ya joto. Joto la mashine huyeyusha nta, na ukishafunga hakuna kurudi nyuma.

Kutundika ndiko kunakowashinda wengi, hasa kwenye nyumba za zamani za mawe na chokaa. Seloteipu haishiki kwenye ukuta unaotoa unga, na msumari hubomoa kipande. Nunua mshipi wa kuvulia samaki, ufunge kutoka nondo za dirisha hadi fremu ya mlango, ukaze, halafu bana michoro kwa vibanio vya nguo vya mbao. Mshipi wa mita 3 hubeba michoro 7 ya A4 iliyolala, ukiacha kama sentimita 10 kati yake. Uufunge kimo cha macho ya mtoto, si chako. Sentimita 110 hivi kwa wa miaka sita au saba. Upande unaopigwa na jua la alasiri uepuke, kwa sababu kalamu za rangi za wino hupauka ndani ya wiki chache. Badilisha kila baada ya wiki tatu.

Mmoja au miwili ya kipekee mpelekee fundi fremu, lakini mwambie aweke ukingo wa kadibodi nene kati ya kioo na karatasi. Bila nafasi hiyo ya milimita mbili tatu, msimu wa mvua rangi itang'ang'ania kioo.

Mtoto akitaka kuchora juu ya kitu kingine zaidi ya karatasi, njia iko. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora pale Dar es Salaam miaka ya 1960 kwa vibao vya dari na rangi ya baiskeli, na mtindo ukabeba jina lake. Kwa mtoto mdogo chukua kibao hichohicho, ila rangi iwe ya maji. Rangi za mafuta zina harufu kali na nyingine huwa na madini ya risasi.

Picha ya kutuma piga asubuhi, karibu na mlango ulio wazi lakini nje ya jua, taa ya simu ikiwa imezimwa. Futa lenzi. Laza mchoro sakafuni, simama juu yake, simu iwe sambamba na karatasi hadi pembe nne zilingane. Ukiinamisha, karatasi hutoka pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Kuchapisha A4 vizuri kunataka pikseli 2480 kwa 3508. WhatsApp hupunguza picha, kwa hiyo kwa shangazi aliye mbali anayetaka kuchapa, itume kama hati.

Kabla ya kuituma popote, muulize mtoto. Kwenye kundi la ukoo jina la kwanza na umri vinatosha. Sare ya shule, jina la shule na mtaa viache. Kwa mashindano, soma masharti kwanza: mengine humpa mwandaaji haki ya kutumia mchoro bila malipo.

Siku ya kuonyesha, ita watu wachache barazani baada ya alasiri, kahawa na kashata, kwa muda wa saa moja na nusu tu. Watoto wengine wa nyumba nao wawe na kazi yao mshipini, au utazua ugomvi. Wageni waombe waulize "hapa ulifanyaje?" badala ya kusema tu "una kipaji", swali humfungua, sifa tupu humnyamazisha. Upepo wa baharini ukizidi, ongeza kibanio cha pili chini ya kila mchoro. Jua likizama shusha vyote na uvirudishe ndani usiku huohuo, kabla umande haujaanza kuanguka.