Uso unaovimba kuanzia puani: hatua ninazofuata kabla ya kutamka neno "jipu"

Haya nawaandikia wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, wale wanaomwona mgonjwa kwanza. Mimi niko kliniki ya ngozi hapa Mombasa. Fangasi nyingi za uso zinazonifikia ni choa tu, na choa haina makuu. Zile adimu ndizo hutupita, kwa sababu huja zimevaa sura ya ugonjwa mwingine.

Hatua ya 1: Uliza amepaka nini

Usianze kwa kutazama, anza kwa kuuliza. Mwambie akuletee kila tyubu iliyoko nyumbani, na ile aliyoazimwa na jirani pia. Kwa joto letu hili na jasho, mtu akiwashwa hukimbilia duka la dawa, akapewa krimu ya mchanganyiko yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho) ndani. Kuwasha hupoa siku mbili tatu, mgonjwa akafurahi, huku fangasi inatandaa chini kwa chini. Ile duara yenye ukingo mwekundu uliyoizoea hupotea, ikabaki ngozi ya mabakamabaka isiyoeleweka.

Simamisha krimu hiyo. Kwangua ukingo wa kidonda kwa wembe butu, weka unga wake kwenye kioo na tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, ngoja kama robo saa, kisha tazama kwa darubini. Ukiona nyuzi, ni choa: terbinafini ya kupaka kwa wiki mbili hadi nne, au vidonge vya mg 250 kwa siku ikiwa imeenea au iliharibiwa na steroidi. Hapo kazi imekwisha. Usipoona kitu, au ukiona uvimbe badala ya magamba, endelea.

Hatua ya 2: Tafuta weusi

Mgonjwa wa sukari mwenye uso unaouma, jicho limevimba, na ndani ya pua au kwenye kaakaa pana doa jeusi: huyo usimwandikie tarehe ya kurudi. Mpeleke hospitali kubwa saa hiyohiyo. Fangasi ya namna hiyo hula mishipa ya damu, na dawa yake ni amfoterisini B ya mshipa pamoja na upasuaji. Zinahesabiwa saa, si siku. Mimi hupiga simu kabla gari halijaondoka, kwa maana barua ya rufaa peke yake nimeiona ikilala kwenye meza ya mapokezi.

Hatua ya 3: Vipele vyenye kishimo katikati

Anayeishi na VVU, kinga iko chini, uso umejaa vipele vidogo vyenye kitovu. Wengi huviona ni vipele vya virusi tu. Yaweza kuwa kriptokoka au histoplasma, fangasi iliyokwisha kuenea mwilini. Usikae kupaka kitu. Pima damu kwa kipimo cha antijeni ya kriptokoka, uliza kichwa kinachouma, na kata kinyama kidogo cha kipele. Kikiwa ni kriptokoka, lazima maji ya uti wa mgongo yapimwe hata kama mgonjwa anatembea na kucheka. Hiyo ni kazi ya wodi.

Hatua ya 4: Uvimbe mgumu usiouma

Hapa ndipo nataka mkae nami kidogo.

Alikuja mgema mmoja kutoka upande wa Kwale, amevuka feri alfajiri. Pua imetanuka, mdomo wa juu umeshuka, mashavu yamejaa. Kijijini walishamwita kiboko, na wengine walisema ni kijicho. Alishakunywa viuavijasumu mara nne, na mahali fulani walimchanja wakitafuta usaha. Hawakupata hata tone. "Haliumi hili, daktari," akaniambia. "Lingeuma ningekuja mapema."

Ugonjwa huu huletwa na *Conidiobolus coronatus*, fangasi ya udongoni na kwenye majani yanayooza, ambayo pia hushambulia wadudu. Ilijulikana kwa farasi kabla mgonjwa wa kwanza wa kibinadamu hajaandikwa kutoka Jamaica mwaka 1965. Huwapata zaidi wanaume watu wazima wanaofanya kazi za shamba na msitu katika nchi za joto na unyevu. Haiambukizi mtu kwa mtu, na hilo mwambie mkewe waziwazi.

Dalili yake ni mpangilio wa matukio. Kwanza tundu moja la pua huziba, pengine na damu kidogo. Halafu pua inavimba, kisha shavu na mdomo wa juu, pole pole kwa miezi. Bonyeza: ni gumu kama mpira, halibonyei, halina joto. Ngozi ya juu ni nzima, haijachanika. Nawe mulika ndani ya pua. Mara nyingi chanzo kiko humo.

Wafanano wake ni saratani ya limfu, ukoma, na kifua kikuu cha ngozi. Kwa macho hutavitenganisha. Lazima kinyama kikatwe, tena cha ndani, si cha juu juu.

Hatua ya 5: Chupa mbili

Kosa nililolifanya mwenyewe: nilitia kinyama chote kwenye formalini, maji ya kuhifadhia nyama. Fangasi ikafa, maabara wakakosa cha kuotesha. Sasa hutumia chupa mbili, moja ya formalini kwa darubini, nyingine ya maji ya chumvi kwa kuotesha. Ile ya pili usiiweke kwenye friji na usiisage. Ifike maabara siku hiyohiyo. Ikiota, huota kwa siku chache, na kifuniko cha sahani ya kuoteshea huingia ukungu mweupe, kwani fangasi hurusha mbegu zake juu. Fundi wa maabara asiyeijua hudhani ni mvuke, akapangusa.

Hatua ya 6: Dawa

Itrakonazoli mg 200 mara mbili kwa siku, baada ya chakula. Usimpe pamoja na omeprazoli wala dawa nyingine ya kiungulia, vidonge havitaingia mwilini vizuri. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huiondoa itrakonazoli mwilini karibu yote, basi uliza habari za kifua kikuu. Moyo ukiwa dhaifu, au mama akiwa mjamzito, tafuta njia nyingine. Pima ini kabla na kila mwezi. Potasiamu ayodaidi ya matone ni dawa ya zamani na ya bei nafuu, huanzwa kwa matone machache na kuongezwa. Mdomo huwa na ladha ya chuma, na tezi la shingo lifuatiliwe.

Tiba ni ya miezi, si wiki. Uvimbe ukiisha, endelea angalau mwezi mmoja zaidi. Upasuaji wa kurekebisha sura usifanywe fangasi ikiwa bado hai.

Kila ziara nilimpiga mgema picha, mahali palepale dirishani, na nikahesabu karatasi tupu za vidonge alizoleta kwenye mfuko wa plastiki. Mwezi wa tatu zilipungua kumi. Nauli ya kuja ilikuwa imemshinda, basi akawa anameza siku moja na kuruka moja. Tangu hapo nilimpa dawa ya miezi miwili kwa mkupuo, na damu ya kupima ini akatolewa zahanati ya kwao.