Kutafuta vipuri vya bastola ndogo ya zamani uliyorithi

Bastola ya mfukoni iliyolala miaka mingi kabatini ikigoma kufanya kazi, kosa mara nyingi ni dogo: springi imechoka, midomo ya magazini (kisanduku cha risasi) imepanuka, ndoano ya kutolea ganda imevunjika ncha. Kukifunga kipuri ndiyo sehemu rahisi. Kinachowashinda wengi ni kujua waagize kipi hasa, kwa kuwa modeli hizi zilitengenezwa miongo mingi na kubadilishwa ndani kwa ndani bila kubadilishwa jina.

Hatua ya 1: Kibali, kisha hakikisha haina risasi

Kurithi bastola si kurithi leseni yake. Maliza usajili kwanza. Muuzaji makini atakuuliza, na forodha watakuuliza zaidi.

Kisha toa magazini, vuta slaidi (kipande cha juu kinachoteleza) hadi mwisho, na uikague chemba, yaani tundu la mtutu linalokaa risasi, kwa macho na kwa ncha ya kidole. Chemba ya kaliba ya 6.35 mm ni nyembamba mno kwa kidole, kwa hiyo tumia kijiti cha mbao. Usigeuze mpangilio: ukivuta slaidi magazini ikiwa bado ndani, unapandisha risasi nyingine kwenye chemba. Wala usiamini kwamba magazini ikitoka bastola imekufa. Nyingi za enzi hizo hufyatua hivyo hivyo. Colt Model 1903 ilianza kuwekewa kizuizi cha magazini, kinachozuia kufyatua magazini ikiwa imetoka, katika miaka ya 1920.

Hatua ya 2: Itambue kwa maandishi ya kwenye chuma

Hadithi ya ukoo kuhusu babu na vita iweke kando. Nakili kila herufi na alama iliyo kwenye slaidi, fremu na mtutu, pamoja na namba ya mfululizo. ELG ndani ya duara la yai ni ukaguzi wa Liège, Ubelgiji. Herufi N chini ya taji ni Ujerumani kabla ya 1940. N chini ya tai ni kuanzia mwaka huo. Bastola za Kijerumani za wakati wa vita hubeba msimbo badala ya jina la kiwanda: ac ni Walther, byf ni Mauser, na fnh utaikuta kwenye CZ 27 za Kicheki zilizotengenezwa chini ya ukaliwaji wa Wajerumani. Beretta 1934 nyingi zina mwaka wa kawaida pamoja na mwaka wa enzi ya ufashisti kwa namba za Kirumi.

Kaliba isome kwenye mtutu wenyewe, kupitia tundu la kutolea maganda. FN 1910 hubadilika kutoka 7.65 mm kwenda 9 mm fupi kwa kubadilishwa mtutu, hivyo slaidi inaweza kusema hivi na mtutu vile. Na ujue majina: 7.65 mm Browning ndiyo .32 ACP, 6.35 mm ndiyo .25 ACP, 9 mm Kurz na 9 mm Corto zote ni .380 ACP. Risasi ya 7.65 mm Parabellum ni kitu kingine kabisa.

Halafu tafuta toleo. Colt 1903 za mwanzo zina mtutu wa inchi 4 na bushi (pete inayoshika ncha ya mtutu) mbele ya slaidi. Baadaye mtutu ukapunguzwa hadi inchi 3¾, kisha bushi ikaondolewa. Ukiagiza “mtutu wa Colt 1903” bila namba ya mfululizo unacheza kamari.

Taabu kubwa zaidi ni bastola za Ruby za Hispania. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Ufaransa ilizihitaji kwa wingi, na karakana nyingi za mji wa Eibar na vijiji vya jirani zikashiriki kuzitengeneza. Zinafanana kwa sura, lakini sehemu zake haziingiliani kwa uhakika, hata magazini. Angalia msimbo wa herufi mbili karibu na kitako (GU, kwa mfano, ni Gabilondo y Urresti) na utafute kipuri cha karakana hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Pima kile kibovu

Usitupe kipande kilichovunjika, hata nusu yake. Kipige picha pande zote kando ya rula, kisha kipime kwa vernia (kipimo cha taya cha milimita). Kwa springi andika unene wa waya, kipenyo cha nje na idadi ya mizunguko. Urefu usiutegemee, maana springi iliyochoka imeshafupika, na ukiagiza kwa urefu huo utaletewa nyingine dhaifu. Kwa skrubu pima kipenyo, urefu, upana wa kichwa na nafasi kati ya meno. Za kale hazilingani na za dukani leo.

Vibao vya mpini vinahitaji subira. Vile vya mpira mgumu mweusi hukauka na kupasuka ukivibandua kwa bisibisi. Bastola nyingi za Kijerumani za Ortgies hazina skrubu kabisa: vibao vyake vya mbao hushikwa na kitufe kilicho ndani ya nafasi ya magazini, upande wa nyuma. Kibonyeze, na vibao vinainuka vyenyewe. Vingi vilivyopasuka vimepasuliwa na watu waliokuwa wakisaka skrubu isiyokuwapo.

Hatua ya 4: Tafuta kwa lugha ya muuzaji

Nchini Marekani, Numrich huuza vipuri vilivyotolewa kwenye silaha zilizovunjwa, na michoro yake yenye namba za sehemu inafaa hata kama hununui. Wolff hutengeneza springi mpya, Triple K magazini na vibao vya mpini, Jack First sehemu ndogo zisizotengenezwa tena kiwandani. Kwa bastola za Ulaya, pini ya kufyatulia itafute kama Schlagbolzen kwa Kijerumani, percuteur kwa Kifaransa, percussore kwa Kiitaliano. Magazini ni chargeur kwa Wafaransa na caricatore kwa Waitaliano. Matokeo huongezeka mara moja.

Kabla ya kulipa, uliza sheria ya pande zote mbili. Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani fremu ndiyo silaha. Kwingineko mtutu na slaidi navyo hudhibitiwa kama silaha kamili. Kipuri kinachovuka mpaka huenda kikahitaji kibali cha kutoka na cha kuingia.

Hatua ya 5: Agiza kwa mpangilio

Anza na springi zote na magazini moja nzuri. Ukiweza pata magazini ya asili. Za kuigiza mara nyingi huhitaji kurekebishwa midomo. Ndoano na pini zifuate tu kama tatizo limebaki. Mtutu uwe wa mwisho.

Hatua ya 6: Kufunga na kujaribu

Ndoano mpya mara nyingi huja ikiwa na chuma cha ziada. Ipunguze kwa jiwe la kunolea, kidogo kidogo, ukijaribu kila mara. Pini ya kufyatulia ikizidi urefu hutoboa kiwashio cha risasi na gesi humrudia mpigaji, kwa hiyo usiifunge bila kuilinganisha na ile ya zamani. Sehemu inayoshikilia nyundo isifikwe na tupa yako hata kidogo: ikipunguzwa vibaya, bastola hufyatuka ikidondoka au hupiga mfululizo. Hiyo ni kazi ya fundi silaha mwenye leseni, na umpe pia mtutu na chemba akague nyufa.

Zungusha risasi za bandia magazini nzima mara kadhaa. Zikipita bila kukwama, nenda uwanja wa shabaha na upakie moja, kisha mbili, ndipo ujaze. Kiokote kila ganda: kiwashio kilichotoboka, au ganda lililovimba karibu na kitako chake, ni sababu ya kusimama hapo hapo.

Kipuri cha asili ulichokitoa kifungie kwenye mfuko wenye namba ya mfululizo ya bastola. Mkusanyaji atakayeitaka siku moja atakiulizia.