Kabla ya kutuma mstajeri wa kine kwa mgonjwa aliyeumia uti wa mgongo

Wenzangu mnaopokea wastajeri wa kine (wanafunzi wa fiziotherapia walio kwenye mazoezi ya kazi) hapa Goma, hii ni ju yenu zaidi kuliko ju ya wanafunzi. Mwanafunzi anafika na blusi nyeupe mupya, misuli anakutajia yote mpaka na majina ya Kilatini, halafu unamwambia amgeuze papa mgonjwa, baba ambaye hasikii miguu, anamshika mkono mmoja anavuta. Amefundishwa misuli, lakini ngozi, mkojo na tansio (presha ya damu) amevipitia haraka haraka ju ya mtihani. Kwa hiyo mimi ninaanzia huko, na mwanzoni mwanafunzi hamgusi mgonjwa wa mgongo peke yake hata kama ana pointi nzuri namna gani.

Wagonjwa wanakuja wa kila aina, aliyeanguka na moto (pikipiki), aliyepigwa risasi, aliyetoka juu ya mti wa avoka, na pia yule wa kifua kikuu cha uti wa mgongo ambaye hakuanguka popote, mgongo ulianza tu kuuma na kupinda polepole mpaka miguu ikalegea. Kwa wote hao sheria ni moja: kabla docta hajasema kama mifupa inashikilia, hakuna kukalisha wala kusimamisha.

Anzeni kwa mkeka, wanafunzi wao kwa wao. Kugeuza mtu kama gogo kunataka watu wanne angalau, mmoja kichwani ndiye anayehesabu na wengine wanamfuata yeye, si yule mwenye sauti kubwa. Halafu mkalishe mwanafunzi kwenye benchi ngumu, bila kusogea hata kidogo, nusu saa nzima, kisha umuulize wapi panamuuma. Atakuonyesha mifupa ya kukalia, na ukimlaza chali ataongeza visigino na pale juu ya matako, njo pale pale eskari (kidonda cha kulaliwa) inapoanzia kwa mtu ambaye hasikii maumivu ya kumwambia sogea. Baada ya hapo ukimwambia mgonjwa wa kitandani anageuzwa kila saa 2, na aliye kwenye kigari (kiti cha magurudumu) anainama mbele ama pembeni kila dakika 15 mpaka 30 na kukaa hivyo kama dakika 2, hataona ni kanuni ya daftari tu.

Kupima nguvu na hisia siyo kugumu, kunataka kurudia tu. Kila herufi na namba ni ngazi ya neva za uti wa mgongo, C shingoni, T kifuani, L kiunoni, S chini kabisa, na kila ngazi ina kazi yake. C5 kukunja kiwiko, C6 kuinua kiganja, C7 kunyoosha kiwiko, C8 kukunja vidole, T1 kutanua kidole kidogo, halafu chini L2 kukunja nyonga, L3 kunyoosha goti, L4 kuinua unyayo, L5 kuinua kidole gumba cha mguu, S1 kusukuma unyayo chini. Nguvu inahesabiwa 0 mpaka 5, kusikia kwa ngozi 0 mpaka 2 kwa pamba na kwa pini, chuchu ni T4, kitovu ni T10. Wanachoruka wote ni S4-S5, kule nyuma penye njia ya choo, ju ya aibu. Lakini bila pale huwezi kusema ni ASIA A (pale hakuna hisia wala nguvu) ama B (hisia ipo, nguvu hakuna), na familia inasubiri hilo jibu. Kama docta njo anapima, mwanafunzi aende akasome kwenye dosye (faili la mgonjwa), na kama dosye haisemi kitu aulize.

Sasa hapa msiharakishe. Mgonjwa aliyeumia T6 ama juu yake anaweza kupata disrefleksia, yaani tansio inapanda ghafla ju ya kitu kinachosumbua mwili chini ya pale alipoumia, na hiyo inaweza kumuua mbele ya macho yenu. Chukua mgonjwa wa shingo, tansio yake ya kawaida iko kama 100 ya juu. Mmemweka vizuri, mazoezi yanaenda, mara anasema kichwa kinapiga kama ngoma, jasho linamtiririka usoni na shingoni, vinyweleo vimesimama, mnapima tansio mnakuta 140. Mwanafunzi anaona 140 anasema aa siyo mbaya. Kwa huyu ni mbaya sana, imepanda 40! Vitabu vinasema uso unakuwa mwekundu, kwa ngozi zetu mtausubiri huo wekundu mpaka jioni, muangalie jasho. Mkalishe wima papo hapo, miguu ishuke, legeza mkanda na nguo za kubana, fuata mpira wa sonda (ule wa kutoa mkojo) kwa mkono kutoka mwilini mpaka kwenye mfuko, mara nyingi umekunjwa chini ya paja ama mfuko umejaa. Sonda ikiwa safi, fikiria choo kilichokwama, kidonda, hata ukucha ulioingia nyamani. Mmoja wenu anaita docta tangu mwanzo, mwingine anapima tansio kila baada ya dakika chache.

Shida ni kwamba kuna kinyume chake. Mgonjwa yule yule mkimkalisha mara ya kwanza tansio inashuka, macho yanaona giza, huyo mnamlaza na kuinua miguu. Wanafunzi wanachanganya hivi viwili, kwa hiyo ninawapigia kelele katikati ya kazi nyingine: "Kichwa kinapiga, jasho!" na yeye achague, kukalisha ama kulaza. Anayefikiria sana bado hajawa tayari.

Halafu kuna gadimaladi, yule mama ama dada anayelala chini pembeni ya kitanda. Yeye njo kine wa usiku, mkimwacha nje ya mafunzo mmepoteza. Kwetu kukanda ni dawa, atamkanda na maji moto miguu isiyosikia mpaka ngozi ibabuke. Na mgonjwa wa C6 atamnyoosha vidole vyote kila asubuhi huku kiganja kimeinuliwa, akifikiri anasaidia, kumbe vidole vile vinatakiwa vibaki vimekaza kidogo ili akiinua kiganja vijikunje vyenyewe ashike kikombe. Mwanafunzi ajue kumwambia kwa heshima, "Mama, asante kwa kazi yako, vidole tunyooshe kiganja kikiwa kimeshuka," na amuonyeshe kwa mkono.

Swali la "nitatembea?" litakuja, na litamwangukia mstajeri ju yeye njo anakaa muda mrefu na mgonjwa. Mazoezi ya kulijibu yafanyike kabla. "Mungu atasaidia" peke yake ni kukimbia, "hutatembea tena" siyo kazi yake kusema. Aseme anachokiona: "Papa, leo mikono ina nguvu hii, miguu bado sijaona kitu, kuhusu mbele tutaongea pamoja na docta." Kisha anyamaze, asijaze kimya na maneno. Ya mkojo na ya kitanda cha ndoa yataulizwa pia, mara nyingi kwa sauti ya chini, asicheke.

Kabla ya mgonjwa kurudi kwake, mwanafunzi aende kuona parseli (nyumba na kiwanja chake). Goma hii ni mawe ya volkano, magurudumu madogo ya mbele ya kigari yanakwama kwenye lava hatua mbili tu kutoka mlangoni, na choo kiko nje. Apime upana wa mlango, aangalie urefu wa kitanda kutoka chini, ajue kutuma mtu kwenye vituo vya watu wenye ulemavu, Shirika la Umoja hapa Goma ama Heri Kwetu kwa wa Bukavu.

Akigeuza vizuri, akifuata mpira wa sonda bila kukumbushwa, na gadimaladi akiweza kurudia alichofundishwa naye, tia sahihi kwenye fishe yake (karatasi ya staji).