Gari likitetemeka ukikanyaga breki: anzia kwenye habu, si dukani

Gari likishuka mlima wa Bugando hapa Mwanza huku usukani unacheza mkononi, jibu la haraka gereji nyingi ni moja: diski za breki zimepinda, nunua nyingine. Zinanunuliwa, zinafungwa, gari linatulia kwa kilomita elfu chache, kisha mtetemo unarudi uleule. Mara nyingi kosa lilikuwa nyuma ya diski, kwenye uso wa habu, yaani kitovu cha chuma ambacho diski na gurudumu hufungwa juu yake, na hakuna aliyeligusa.

Kutu ikijikusanya kati ya habu na diski, diski hukaa upande kidogo. Kila ikizunguka inagusa pedi, vile vibao vinavyoibana diski ukikanyaga breki, mahali palepale, hata kama hujakanyaga breki, na mahali hapo panalika taratibu. Unene ukishatofautiana kwa milimita 0.02, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, mguu na mikono vinakisikia. Ndiyo maana siku ya kufunga diski mpya kila kitu huwa sawa.

Kabla ya kufungua chochote, jua mtetemo unatoka wapi. Toka nje ya mji, tuseme barabara ya Shinyanga ukishapita Buhongwa, pasipo na magari karibu, uende kilomita 80 kwa saa bila kugusa breki. Likitetemeka hapo, shida ni balansi ya magurudumu au tairi lenye nundu. Breki usiziguse kwanza. Likitulia, kanyaga breki taratibu. Usukani ukicheza, ni mbele. Usukani ukitulia lakini kiti na pedali vinatetemeka, shuku nyuma. Kwa gari lenye dramu nyuma (breki za mfano wa ngoma badala ya diski), punguza hadi 40, barabara ikiwa tupu na kavu, shika kitufe cha hanibreki usikiachie, vuta kidogo kidogo. Mtetemo ukija, dramu si duara tena. Ila breki ya ghafla kwenye mchanga au matope ikifanya pedali ipige haraka haraka, hiyo ni ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, inafanya kazi yake.

Sasa fungua. Tafuta pa tambarare, jambo ambalo kwa vilima vyetu si la kupuuza, weka mawe kwenye magurudumu yanayobaki chini, na gari likae juu ya stendi, si jeki peke yake. Kabla ya kutoa gurudumu lishike juu na chini ulitikise: likicheza, beringi ya gurudumu au bolijointi (kiungo kinachoshikilia habu) imechoka, na diski mpya haitasaidia. Kalipa, kile kishikio kinachobana pedi, ukiitoa ifunge kwa waya kwenye springi. Ikining'inia kwa mpira wake wa mafuta ya breki, mpira unaumia kwa ndani na wewe huoni.

Tazama pedi. Ya ndani ikiwa imelika kuliko ya nje kwa milimita 2 au 3, pini za kalipa zimekwama au pistoni hairudi. Pini zitoe, zisafishe, zipake grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha mipira, na pini zitakwama vibaya kuliko mwanzo.

Kisha habu, na hapa usiwe na haraka. Kwa brashi ya waya na msasa ondoa kutu yote mpaka chuma king'ae, hasa kuzunguka kila stadi (bolti inayofungwa nati ya gurudumu) na ule ukingo wa katikati diski inapoegemea. Punje moja ya kutu chini ya diski inatosha kuipindisha. Safisha na mgongo wa diski. Usipake grisi nzito hapo.

Irudishe diski, ikaze kwa nati zote pamoja na washa, uzungushe huku geji ya mshale, inayoonyesha diski inavyoyumba, ikigusa milimita 10 kutoka ukingoni. Ikizidi milimita 0.05, itoe, isogeze stadi moja mbele, pima tena. Mara nyingi utapata mkao unaokubali. Unene pima kwa mikrometa sehemu nane kuzunguka diski. Tofauti ikizidi 0.02, ichongwe kwenye mashine, mradi isishuke chini ya kipimo kilichopigwa chapa kwenye diski yenyewe, kwa kawaida baada ya maandishi MIN TH. Imeshashuka? Nunua mbili, kushoto na kulia, na pedi mpya.

Nati ndizo zinazoharibu kazi nzuri. Bunduki ya upepo ikikaza moja hadi mwisho kabla ya nyingine, diski inavutwa upande mmoja. Kaza kwa mkono kwa kuvuka: nati tano kwa umbo la nyota, nne kwa msalaba, kwa awamu mbili, umalizie kwa spana ya kipimo, inayoonyesha nguvu ya kukaza. Toyota ndogo nyingi kama IST na Corolla zinataka 103 Nm (nyutoni mita). Rudia kukagua baada ya kilomita 100 hivi.

Pedi mpya zinahitaji kuzoezwa. Asubuhi kabla magari hayajajaa, toka 60 hadi 20 kwa breki ya wastani, mara nane hadi kumi, ukiachia nusu dakika katikati. Usisimame kabisa. Halafu endesha dakika kumi bila kugusa breki sana ili zipoe.

Kuna tabia mbili zinazorudisha shida. Ya kwanza ni kushuka mlima mrefu mguu ukiwa juu ya breki, kisha kusimama chini umekanyaga kwa nguvu: pedi ya moto huacha alama yake kwenye diski. Tumia gia 2 au L. Ya pili ni kutoka safarini moja kwa moja hadi kuoshea gari ufukweni. Maji ya ziwa juu ya diski ya moto huipoza upande mmoja kabla ya mwingine, na mchanga huingia kwenye pini. Acha ipoe nusu saa kwanza. Asubuhi ya kesho breki zikikwaruza mara mbili tatu za mwanzo, ni kutu ya juu juu, itafutika yenyewe.