Kabla hujamuanzishia mtoto chakula, panga kwanza saa zake za kunyonya na kulala: mambo ya kuzingatia

Mama wenzangu mlio na watoto wa miezi mitano kuelekea sita, najua saa hizi mnawaza bakuli, kiti cha kulia na unga wa uji, na hivyo vyote hata siku moja kabla utavipata. Kisichopatikana kwa siku moja ni ratiba ya mtoto, yaani saa anazonyonya na saa anazolala, na hapo ndo wengi wanakwama. Chakula kimepikwa vizuri kabisa lakini mtoto ama ana usingizi, ama tumbo limejaa maziwa, ama ana njaa kali analilia ziwa, basi kijiko anakipiga kinamwagika, na nyumba nzima inasema huyu hapendi kula, kumbe kaletewa chakula saa ambayo sio yake. Hizi wiki mbili tatu kabla ya miezi sita ndo za kulirekebisha hilo, taratibu, bila kumlazimisha.

Kwanza hakikisha muda wenyewe umefika. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6 kamili, hata maji hapana, alafu chakula kinaanza huku anaendelea kunyonya mpaka miaka 2 na zaidi, na kliniki zetu zinasema hivyo hivyo. Umri uende pamoja na dalili: shingo imekaza, anaweza kukaa ukimuegemeza bila kulala upande, anapeleka vitu mdomoni mwenyewe, anawafuata kwa macho mkila, na ukimgusisha kijiko kitupu mdomoni ulimi hausukumi nje kila mara. Kama alizaliwa njiti, kaongee na nesi kabla, maana kwake hesabu inaweza kuwa tofauti.

Shida kubwa huwa inaanza mapema, kwenye miezi 4. Mtoto aliyekuwa analala vizuri anaanza kuamka amka usiku, basi utasikia maziwa hayamtoshi, mpe uji alale. Umri huo usingizi wa mtoto unabadilika, analala mwepesi na anashtuka kirahisi, hata anayeshiba kabisa anapitia hilo na uji hautibu. Ukitaka kujua maziwa yanatosha, hesabu pampasi, zilizolowa vizuri zikifika 6 au zaidi kwa siku ni dalili nzuri, na uangalie kadi ya kliniki kama ule mstari wa uzito unapanda. Ukiwa na mama mkwe nyumbani usibishane, mwambie kwa heshima tu, mama, zimebaki wiki tatu, kliniki wamesema tusubiri, siku ikifika nataka wewe ndo umlishe kijiko cha kwanza. Mara nyingi kinachotafutwa ni kushirikishwa.

Sasa tuje kwenye ratiba yenyewe. Watoto wengi wamezoea kunyonya mpaka usingizi unawachukua, yaani ziwa ndo kitanda, na hakuna ubaya wowote, ni jambo la asili na ni raha kwa wote wawili. Lakini angalia kinachotokea siku ya chakula: kama kila nyonyo inaishia kwenye usingizi, maana yake mtoto akiwa macho ni yule ambaye maziwa ya mwisho aliyanyonya zamani, kwa hiyo ana njaa, na mtoto mwenye njaa hawezi kujifunza kitu kigeni, anataka anachokijua. Ukisema umnyonyeshe ashibe alafu hapo hapo umpe chakula nako hakiingii, kwa sababu tumbo la mtoto linabeba kama mililita 30 kwa kila kilo ya uzito, mtoto wa kilo 7 ni mililita 210 hivi, hata kikombe cha kawaida halifiki. Kwa hiyo inatakiwa awe macho, amepumzika, ana maziwa tumboni lakini yameshashuka kidogo, na hiyo nafasi unaitengeneza kwa kuhamisha nyonyo, badala ya kuwa kabla ya usingizi iwe akiamka.

Mtoto wa miezi mitano na nusu mara nyingi anakaa macho masaa mawili mpaka mawili na nusu alafu anachoka, na mchana analala mara tatu. Chukulia ameamka saa 12 asubuhi akanyonya. Saa 2 analala, saa 3 anaamka, hapo mpe ziwa mara tu anapoamka, anyonye mpaka aachie mwenyewe, alafu mkekani acheze. Saa 4 yuko macho, ana furaha, hana njaa ya kulia, hiyo ndo nafasi ya chakula, na kwa sasa huna haja ya kumpa chochote, mkalishe tu mapajani wakati wenzake wanakunywa chai, mpe kijiko kitupu akishike aking'ate. Saa 5 na nusu analala tena mpaka kama saa 7, anaamka ananyonya, na hapo katikati ya mchana kutakuja kuwa na nafasi ya mlo wa pili huko mbele. Ka usingizi ka mwisho ni kafupi tu kwenye saa 9 na nusu, baada ya hapo kuoga, kunyonya na kulala usiku. Hizi saa ni mfano, wako anaweza kuwa anaamka saa 1 au analala nusu saa nusu saa, cha kushika ni mpangilio: anaamka, ananyonya, anacheza, analala. Na akidai ziwa katikati mpe, kunyonya ni pale anapotaka, mpangilio ni wa kukuongoza wewe, usije kumnyima mtoto kwa sababu ya saa ya ukutani.

Kumtenganisha na kulalia ziwa usifanye kwa vishindo. Anza na usingizi mmoja tu, na mimi napendelea ule wa asubuhi kwa sababu hapo mtoto hajachoka sana na usingizi unakuja wenyewe. Akianza kufikicha macho au kutazama pembeni usisubiri alie, mbadilishe pampasi, funga pazia, mbebe begani au mfunge mgongoni na khanga, muimbie wimbo ule ule kila siku, akianza kulegea mlaze. Zipo siku atakataa kabisa, mpe ziwa alale, kesho mtajaribu tena. Ukiona usingizi huo wa asubuhi umekaa, ndo unahamia wa mchana. Usiku uache kama ulivyo, usianze kupunguza nyonyo za usiku kipindi hiki, homoni inayotengeneza maziwa huwa juu zaidi usiku na mtoto bado anahitaji.

Kitu kingine kinachosahaulika ni kwamba umri huu mtoto anapenda kuchungulia. Ananyonya dakika mbili, mlango ukilia anageuka na chuchu mdomoni, simu ikiwaka anageuka, kaka yake akipita ndo basi tena. Siku nzima anadonoa donoa, usiku anafidia, na mama anadhani ana njaa ya chakula. Kabla ya kuanza milo hakikisha mchana ananyonya vizuri: ingia chumbani, punguza mwanga, zima TV, weka simu mbali, amalize ziwa moja ndo umpe la pili. Mtoto akishiba mchana, hata kile chakula cha kwanza anakipokea akiwa ametulia.

Na naomba hili lieleweke vizuri, hatupangi ratiba ili maziwa yapungue. Miezi ya mwanzo ya chakula maziwa yako bado yanatoa nusu au zaidi ya nguvu anayohitaji, na chakula kinaanza na vijiko viwili vitatu tu, alafu kinaongezeka taratibu mpaka milo 2 hadi 3 kwa siku kwenye miezi 6 hadi 8. Ukiona umeanza uji na nyonyo za mchana zimekatika, ujue uji umechukua nafasi ya maziwa, na kama ni ule mwepesi unaotiririka basi kakosa vyote, tumbo limejaa maji. Uji wa mtoto unatakiwa ukae kwenye kijiko, ukikiinamisha udondoke pole pole.

Kwa mnaofanya kazi, ratiba hii inabidi ipangwe na wa nyumbani. Sheria ya ajira Tanzania inatoa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 kwa mapacha, na ukirudi una haki ya muda wa kunyonyesha mpaka masaa 2 kwa siku, sasa hayo masaa yaombe mapema na uyaweke pale yanapokusaidia. Wengine wanatoka kazini mapema ili ile nyonyo ya jioni iwe ya ziwa lenyewe. Maziwa ya kukamua yanakaa nje masaa 4 kama joto halizidi nyuzi 25, na kwa joto la Dar au Mombasa hesabu pungufu ya hapo, kwenye friji siku 4, yaweke ndani kabisa sio mlangoni, na yaliyobaki kwenye kikombe baada ya mtoto kunywa yasirudishwe kwenye friji, yakipita masaa 2 yamwagwe. Umeme ukikatika katika kwenu, kamua cha siku hiyo na kesho tu.

Dada anayebaki na mtoto msikilize na yeye, ndo anajua saa mtoto anazochoka. Mwandikie karatasi ubandike jikoni, akiamka maziwa, baada ya kama saa moja kijiko, akigeuza uso basi, hakuna kumshika kichwa wala kumziba pua. Narudia hapo kwa sababu kumlazimisha mtoto kwa nguvu bado kupo kwenye nyumba nyingi, na anaweza kupaliwa, na tena anajifunza kuogopa chakula. Mwonyeshe pia tofauti ya kukwama kidogo na kupaliwa kweli: mtoto anayekohoa na kutoa sauti anajitahidi mwenyewe, muache akae wima, anayenyamaza kabisa na kubadilika rangi huyo ni wa kusaidiwa saa hiyo hiyo. Muombe nesi awaonyeshe wote wawili namna ya kumsaidia.

Jikoni sina mengi. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inapungua karibu na miezi 6 na maziwa yana chuma kidogo, kwa hiyo milo ya mwanzo iwe na kitu chenye chuma mapema, maini yaliyosagwa, kiini cha yai kilichoiva, dagaa waliosafishwa na kutwangwa, maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda, sio wiki nzima uji mtupu. Blenda sio lazima, uma unaponda. Asali hapana mpaka mwaka upite, chumvi na sukari usiweke. Unga usiwe wa gunia la miezi, nafaka na karanga chagua kwa mkono, tupa zenye ukungu au zilizosinyaa, sumukuvu ilishaua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, sio jambo la kufikirika.

Mwisho chagua siku. Mtoto akitimiza miezi 6 ana tone la vitamini A kliniki, nenda na kadi, apimwe uzito, uliza maswali yako yote hapo, alafu mpe siku mbili tatu apumzike. Usianze siku ana mafua au anaharisha, usianze wiki mnasafiri kwenda kijijini, wala wiki dada mpya ndo kaingia. Anza siku ambayo upo nyumbani, kwenye ile nafasi ya asubuhi uliyoizoesha, ili kama kuna chakula hakijampenda, tumbo likichafuka au upele ukitoka, uuone mchana na kituo cha afya kiko wazi. Aina mpya moja moja, na siku za kwanza tegemea choo kibadilike rangi na harufu, hiyo ni kawaida. Kikiwa kigumu anajikamua analia, muongezee kunyonya na maji kidogo yaliyochemshwa, kikiwa na damu mpeleke hospitali.